Mfalme wa Kitambaa cha Pazia

Kijiwe chetu kipo Lafiabougou, hapa Bamako, mbele ya kibanda cha cherehani cha Dramane Coulibaly, kwenye benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Wenyewe tunakiita grin. Wake zetu wana jina lingine ambalo siliandiki hapa. Chai naipika mimi, Modibo Diarra, ndiyo maana naitwa Birika. Hunywewa mara tatu: ya kwanza chungu kama kifo, ya pili laini kama maisha, ya tatu tamu kama mapenzi, na siku sukari ikipungua basi mapenzi ndiyo yanayoumia. Alasiri hiyo sukari ilikuwa imepungua. Hakuna aliyejali, maana Bourama Keita, fundi pancha, alikuwa amesimama juu ya benchi akipimwa joho la kifalme.

Keita ndilo jina la wafalme wa Mali ya zamani, ile ya zama za kati, ya dhahabu na ngamia. Kwa hiyo Bourama tunamwita Mansa, yaani mfalme, hasa akiwa amelala chini ya pikipiki ya mtu. Juzi simu za mtaa mzima zililia na ujumbe mmoja: kule Siby wanarekodi tamthilia ya Mansa Musa, yule aliyekwenda Makka na dhahabu nyingi mpaka akaharibu bei yake huko Misri, na wanawatafuta akina Keita. Mtu mwenye akili angeuliza, wanatafutwa kwa kazi gani? Sisi tuko watano na wote tuna akili, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Kufikia magharibi Bourama alishakuwa Mansa Musa mwenyewe, na mkewe alishawatangazia wauza samaki wote.

MAHARAGE – Simama wima, mtumwa wangu. Nikikuchoma pini usiseme hukuambiwa.

MANSA – Shona taratibu, mla maharage. Mfalme hachomwi pini.

Maharage ndiye huyo Dramane, mwenye kibanda. Keita na Coulibaly ni watani, na utani huo, wazee wanasema, uliwekwa enzi za wafalme hao hao. Kila Keita ni mtumwa wa kila Coulibaly, au kinyume chake, inategemea nani ana pumzi zaidi siku hiyo. Kila Coulibaly ni mla maharage. Kukasirika ni mwiko.

MANSA – Hebu ngoja. Hivi vitundu vya shingoni ni vya nini?

MAHARAGE – Vya pete.

MANSA – Pete za kifalme?

MAHARAGE – Pete za pazia. Kitambaa kilikuwa pazia la maua, mteja hakurudi kukichukua.

MANSA – Dramane! Unanivisha pazia?

MAHARAGE – La sebuleni, bwana, si la chooni. Tulia. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

VIDEO – Hapo umenena! Nguo ndiyo inayomlisha mtu.

Huyo Video ni Adama Traoré, mtani wangu mimi, maana Diarra na Traoré nao hawapendani kwa kupendana. Anauza vocha za simu, lakini zote huzitumia mwenyewe kutazama video za mambo ya kale. Hajawahi kufika Timbuktu. Anaijua kupitia kwa kijana mmoja Mholanzi wa kwenye video hizo, mwenye upanga wa karatasi.

VIDEO – Mnajua dunia nzima sasa hivi inatushangaa sisi? Kuna mtoto Korea anacheza mchezo kwenye kompyuta, humo yeye ndiye mfalme wa Mali. Ana jeshi, ana dhahabu, anatupigania usiku kucha.

MIMI – Na sisi tuko wapi kwenye huo mchezo?

VIDEO – Sisi ni vile vidoti vinavyochimba.

MAHARAGE – Hilo naliamini.

VIDEO – Mansa Musa ndiye tajiri kuliko matajiri wote waliowahi kuishi. Wazungu wenyewe wamekubali.

MIMI – Sukari imebaki vijiko vinne.

VIDEO – Birika, watu wanazungumzia dhahabu!

MIMI – Na mimi nazungumzia glasi ya tatu.

Nikagawa glasi ya kwanza. Ilikuwa chungu kweli, na kila mmoja akaisifu kwa kukunja uso. Mansa aliinywea hukohuko juu ya benchi, kidole cha mwisho amekinyanyua, sijui wapi aliona wafalme wanafanya hivyo.

VIDEO – Na yule aliyemtangulia Musa kwenye kiti je? Akajaza mitumbwi, maelfu, akaingia bahari kuu kutafuta mwisho wa maji. Akafika Amerika!

MIMI – Alirudi akasema?

VIDEO – Hakurudi. Huo ndio ushahidi! Nani akifika Amerika anarudi? Mpwa wangu amerudi?

Hapo tulimkubalia, maana mpwa wake kweli hajarudi.

MAHARAGE – Ndiyo maana wakasema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

VIDEO – Umeona? Hata wahenga walijua hakurudi. Kwa hiyo Amerika ni Mali ya pili. Wale waimbaji wanaojaza minyororo ya dhahabu shingoni, mnadhani walifundishwa na nani? Damu ya Musa hiyo.

MANSA – Na mpira wa kikapu?

VIDEO – Musa alikuwa mrefu.

MIMI – Kakwambia nani?

VIDEO – Umeiona ile picha yake ya kale? Amekaa. Mtu mfupi hachorwi amekaa, atapotea.

Tukaipitisha hoja hiyo. Ndivyo tulivyo hapa kijiweni: hoja ikiwa mbovu vya kutosha, tunaiheshimu.

MIMI – Lakini Mansa, tuseme ukweli. Wakikukataa je?

Mansa alishuka kwenye benchi polepole, joho limeshikiliwa na pini nusu mwili. Alitazama mikono yake. Alikuwa ameisugua kwa sabuni ya unga tangu asubuhi, lakini grisi ilibaki kwenye kucha.

MANSA – Tangu shule ya msingi naitwa Mansa. Mansa, njoo uzibe. Mansa, tairi limelala. Miaka yote hiyo ni kicheko, na mimi nacheka nao. Nataka mara moja tu mtu aniite Mansa na asicheke. Mara moja, Modibo. Halafu nirudi kwenye pancha zangu.

Nilimhurumia. Maharage alijaza pini mdomoni, akaendelea kushona polepole.

Aliyeokoa hali ni Mtandao. Jina lake Lansana Kouyaté, na Kouyaté ni majeli wa akina Keita tangu zama hizo: wao hutunza nasaba ya ukoo, huusifu, na husema yale ambayo mfalme hayasemi kwa mdomo wake. Lansana anatengeneza simu za watu. Tunamwita Mtandao kwa sababu simu yake mwenyewe haijawahi kupatikana.

MTANDAO – Atakubaliwa. Ila asifungue mdomo. Enzi zile mfalme hakupayuka mbele za watu. Alimnong'oneza jeli wake, jeli akasema kwa sauti.

VIDEO – Kweli kabisa! Yule Mholanzi alilieleza.

MTANDAO – Mholanzi gani? Hayo ni ya kwetu!

VIDEO – Ya kwenu, lakini yeye ndiye aliyeyaweka mtandaoni.

MAHARAGE – Basi iwe hivyo. Mtumwa wangu anong'one. Gogo likikaa sana majini mwisho linakuwa mamba.

MIMI – Wanasema haliwi.

MAHARAGE – Halikupewa muda.

Tulikuwa kwenye glasi ya pili alipofika. Msichana mrefu, kofia ngumu kichwani, juu ya pikipiki nyekundu ambayo tairi lake la nyuma lilikuwa limelegea. Nilimwona Mansa akiliona. Nilimwona akiteseka. Mfalme hainami kutazama tairi la mtu.

Akatusalimia vizuri, akauliza hali za nyumbani, za watoto, za wazee, nasi tukajibu zote. Alikuwa Assitan Dembélé, mwenyeji wa Ségou, anafanya kazi na watu wa tamthilia.

ASSITAN – Nimeelekezwa hapa. Bourama Keita ni yupi?

Mansa akakaa wima ndani ya maua ya pazia. Akainamia sikio la Mtandao, akanong'ona.

MTANDAO – Mfalme anasema: karibu, ewe binti wa Ségou, uliyevuka vumbi na jua kuja mbele ya simba aliyelala!

ASSITAN – Ahsante, baba. Koo linamsumbua?

Mansa akanong'ona tena, safari hii kwa muda mrefu, akionyesha kwa kidole.

MTANDAO – Mfalme anasema... hapana, hilo siwezi kulisema.

MAHARAGE – Liseme!

MTANDAO – Mfalme anasema tairi lako la nyuma lina msumari.

Msichana alicheka, lakini kwa adabu, mkono mdomoni. Nikampa glasi yake ya chai, akaketi kwenye upande wa benchi wenye tofali.

ASSITAN – Nina jambo moja tu. Mwanzo kabisa wa tamthilia, kabla ya ngamia na farasi, mwongozaji anataka akina Keita wa leo wasimame mbele ya kamera. Kila mmoja ataje ukoo wake. Yeye, baba yake, babu yake, mpaka atakapoishia.

Loo, tulivyofurahi! Video alipiga paja. Maharage alimsukuma Mtandao mgongoni. Jeli anaombwa nasaba? Huyo ni samaki anaombwa aogelee. Mtandao aliinuka, akavuta kanzu, akakohoa, na nakwambia sauti aliyoitoa sikuwahi kuijua. Alianza kwa wahenga waliotoka mashariki. Akapita kwa wawindaji wa Manden, nchi yao ya kale. Akamtaja fulani aliyemzaa fulani, na fulani aliyemzaa yule mfalme wa kwanza, na ndugu zake, na waliorithi kiti, mpaka akafika kwa Musa, akampeleka Makka, akamrudisha salama. Wapita njia walisimama. Mwenye mkokoteni wa maji alisimamisha punda. Mansa alifumba macho, na naapa, kwa dakika hiyo pazia lilikuwa joho.

MTANDAO – ...naye Musa akawaacha wana, na wana wakaacha wana, na leo... Bourama!

Tukapiga makofi.

ASSITAN – Hapo katikati, baba?

MTANDAO – Katikati wapi?

ASSITAN – Kati ya wana wa Musa na huyu mzee. Ni kama miaka mia saba.

MAHARAGE – Mtandao umekatika.

Hatukucheka. Lansana alibaki amesimama, mkono bado uko hewani.

MTANDAO – Marehemu baba alikuwa nayo yote. Jina kwa jina. Amekwenda nayo.

ASSITAN – Haidhuru. Hata wachache wanatosha. Yeye mwenyewe aanze. Mzee wangu, baba yako aliitwa nani?

Mansa hakunong'ona tena.

MANSA – Sékou.

ASSITAN – Na baba yake Sékou?

Mansa alifungua mdomo. Niliona jina likitafutwa kichwani kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mifuko yote. Hakulipata. Alitutazama sisi.

MANSA – Babu... tulimwita Babu. Nyumba nzima ilimwita Mzee. Baba hakumtaja. Mama hakumtaja. Nani angethubutu kumtaja mkwe wake kwa jina? Hata nilipokosea nikauliza, nilipigwa kofi. Kisha akafa, kisha baba akafa.

Ndivyo tulivyolelewa sote: mzee ukimheshimu, hulitamki jina lake. Tumewaheshimu wazee wetu mpaka tumewapoteza. Video, anayejua idadi ya ngamia wa Musa na mzigo wa kila mmoja, akatazama viatu vyake.

ASSITAN – Na wewe baba, babu yako?

VIDEO – Wa kwangu? Aliitwa... alikuwa mweusi, mkali.

Msichana akanigeukia. Mimi nikapuliza makaa. Yalikuwa yanawaka vizuri tu.

Mansa alianza kuvua joho, pini kwa pini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyegundua mbele za watu kwamba ghorofa anayojisifia haina ngazi. Nilitamani punda wa maji alie, chochote.

MAHARAGE – Fadiala.

MANSA – Nini?

Maharage alitema pini kiganjani.

MAHARAGE – Babu yako. Fadiala Keita. Mvivu, mwizi wa kuku, meno kama jembe la kuazima.

MANSA – Umelijulia wapi wewe?

MAHARAGE – Nilijulie wapi tena? Si kijiji kimoja? Nyie mlihamia huku mapema mkamwacha, mimi nilibaki kule na babu yangu. Kila alfajiri alinipeleka shamba, na njia ilipita ukutani kwenu. Alikuwa anasimama pale, anapaza sauti mpaka mbwa wanaamka: “Fadiala! Mtumwa wangu, bado umelala?” Mtani haogopi jina la mtu, hakuna wa kumpiga kofi. Na babu yako alijibu kutoka ndani, kila siku: “Ningelalaje? Maharage uliyokula jana yamepiga kelele usiku kucha!” Hapo ndipo wazee wote wawili waliridhika, siku ikaanza.

Mwenye mkokoteni alicheka. Maharage hakucheka.

MAHARAGE – Alipokufa, babu yangu alikwenda akalala chini mbele ya jeneza. Akasema huyu hazikwi, anajifanya tu, ni uvivu wake. Watu walikuwa wanacheka huku wanalia, unajua mambo ya watani msibani. Akamwita mara ya kwanza, “Fadiala, bado umelala?” Akamwita tena. Akangoja. Halafu akainuka mwenyewe, akajifuta vumbi, ndipo nikaona analia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku hiyo. Sasa jina la mtu kama huyo utalisahau vipi?

Mansa alilisema kwa midomo tu kwanza. Kisha akalisema kwa sauti, Fadiala. Mtu mzima, mvi kichwani, ndiyo kwanza anamtaja babu yake.

ASSITAN – Na baba yake Fadiala?

MAHARAGE – Huyo, mwanangu, alitukanwa kabla sijazaliwa.

Msichana akashusha pumzi. Nilijua kuna jambo linakuja, maana alianza kuzungusha glasi yake tupu.

ASSITAN – Wazee wangu, naomba msinikasirikie. Mfalme tulishampata. Ni mwimbaji kutoka Abidjan, ana wafuasi wengi sana kwenye simu.

VIDEO – Wangapi?

ASSITAN – Milioni mbili.

VIDEO – Mh. Musa alikwenda Makka na elfu sitini tu.

ASSITAN – Hawa akina Keita watataja ukoo mwanzoni, halafu watatembea kwenye msafara. Nyuma ya ngamia.

Nilimwogopea Mansa. Niliwaza mkewe, niliwaza wauza samaki. Mtandao alimshika bega. Mansa alilitazama lile joho la maua mkononi, kisha akauliza swali ambalo tulipaswa kuuliza tangu juzi.

MANSA – Huyo wa nyuma ya ngamia ni nani?

ASSITAN – Ni mtu tu, baba. Wale wa nyuma hawana majina. Ukitaka, mpe unalotaka.

MANSA – Basi niite Fadiala.

Akalivaa joho tena.

MAHARAGE – Na mimi niweke nyuma yake.

ASSITAN – Lakini wewe ni Coulibaly. Kwani kwenye msafara ule kulikuwa na Coulibaly?

Tukamgeukia Video. Video, aliyejua nani alifika Amerika na nani alikuwa mrefu, akatoa simu, akaanza kutafuta.

MANSA – Alikuwepo, mwanangu. Weka na huyu.

Kisha akaenda kwenye pikipiki nyekundu, akapiga magoti na maua yake yote vumbini, akang'oa msumari. Mikono ilijua kazi yake. Mimi nikarudi kwenye birika kutafuta glasi ya tatu, nikakuta Maharage na Video wamemaliza sukari wakati wa nasaba. Nikaipika hivyohivyo.

Maharage alikuwa mlangoni mwa kibanda chake, akijifanya anakunja futikamba. Alimtazama mtani wake mgongoni kwa muda. Halafu akapaza sauti, si ile ya kila siku, sauti ya kizee ambayo lazima aliihifadhi mahali miaka yote hiyo.

MAHARAGE – Fadiala! Mtumwa wangu, bado umelala?

Mansa aliacha kuzungusha tairi. Hakugeuka. Mtaa ulingoja, na punda wa maji naye.

MANSA – Ningelalaje? Maharage uliyokula jana yamepiga kelele usiku kucha!

Nikamimina glasi ya tatu. Ilikuwa chungu kuliko ya kwanza, na hakuna aliyelalamika.